Mkasi wa Jumapili Usiku
Mhadhara kuhusu kipindi cha The Smothers Brothers Comedy Hour, 1967–1969



Nimeombwa nizungumze juu ya uhuru wa mchekeshaji katika televisheni. Mada hii ni pana mno, na anayejaribu kuimaliza kwa jioni moja huishia kuwasomea watu orodha ya malalamiko. Kwa hiyo nimechagua kipindi kimoja tu, tukichambue pamoja. Ni kipindi cha Marekani kilichoitwa The Smothers Brothers Comedy Hour: saa moja ya vichekesho, muziki na maigizo mafupi, iliyorushwa na shirika la CBS kuanzia tarehe 5 Februari 1967 hadi kilipofutwa Aprili 1969. Hakikutimiza misimu mitatu kamili. Kisha, miezi miwili baada ya kufutwa, waandishi wake walipewa Emmy, tuzo kubwa kuliko zote za televisheni nchini humo.

Hoja yangu ni moja, nami nitaitaja mapema. Kipindi hiki hakikuuawa na mzaha. Kiliuawa na ugomvi wa nani ashike mkasi. Wengi wanaokisimulia hutuambia kwamba vijana waliokiendesha walivuka mpaka, wakawakasirisha wakubwa, wakafukuzwa. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi, na upungufu wake una madhara kwa yeyote anayetaka kula kwa jasho la kuchekesha watu.

Vijana wa koti jekundu

Thomas na Richard Smothers, yaani Tommy na Dick, walikuwa watoto wa mwanajeshi. Tommy alizaliwa mwaka 1937 katika kisiwa cha Governors, New York, palipokuwa na kambi ya jeshi. Baba yao alitekwa na Wajapani huko Ufilipino wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akafa mwaka 1945 akiwa bado mateka. Naomba jambo hili mliweke akilini. Miaka ya baadaye, walipotuhumiwa kwamba hawawajali askari walioko Vietnam, waliotuhumiwa hivyo walikuwa mayatima wa vita.

Walianzia kwenye muziki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 nyimbo za jadi zilikuwa zimepamba moto Marekani, na ndugu hawa wakaingia katika kumbi ndogo za San Francisco, Tommy na gitaa, Dick na besi kubwa ya kusimama, ile ile tunayoiona katika vikundi vya taarab Unguja. Kilichowatofautisha na wenzao ni kwamba wimbo wao haukufika salama mwisho. Tommy huanza ubeti, kisha husimama ili aeleze asili ya wimbo. Maelezo yanamponyoka. Anataja mahali pasipokuwapo, anachanganya karne, anatunga jibu papo hapo. Dick, aliyenyooka kama mwalimu wa zamu, humsahihisha kwa upole. Tommy hubabaika, hutafuta neno, hulikosa, na akizidiwa kabisa humgeukia ndugu yake na kumlaumu kwamba mama yao alimpenda zaidi yeye Dick. Watu huvunjika mbavu.

Tazameni ufundi wake. Mjinga ndiye anayesema, na mwerevu ndiye anayemkataza. Kadiri Dick anavyomziba mdomo, ndivyo watazamaji wanavyozidi kutaka kujua Tommy alikusudia kusema nini. Maana yake ni kwamba mchezo wao ulikuwa na mdhibiti ndani yake tangu mwanzo. CBS ilipokuja kuleta mdhibiti wa pili, mtu mwenye ofisi na mshahara, ilijitia yenyewe ndani ya mchezo, tena katika nafasi ya kuchekwa.

Mwaka 1965 CBS iliwapa tamthilia ya kuchekesha. Tommy aliigiza mtu aliyefia baharini, akarudi duniani akiwa malaika mwanagenzi wa kumsumbua ndugu yake. Gitaa na besi viliwekwa kando. Wao walikuwa wakisoma maneno ya watu wengine. Msimu mmoja tu, ikafungwa. Tommy alitoka humo na funzo ambalo hakuliachia tena maisha yake yote: asiyeshika kalamu hana kipindi, hata kama jina lake limeandikwa kwa taa mlangoni.

Jumapili saa tatu usiku

Katika miaka hiyo, Jumapili saa tatu usiku ilikuwa mali ya NBC. Hapo ndipo iliporushwa Bonanza, hadithi ya baba mwenye ranchi na wanawe, iliyoongoza kwa watazamaji nchi nzima. CBS ilikuwa imejaribu hiki na kile mbele yake, na vyote vikaanguka. Shirika lilipowageukia ndugu Smothers mwanzoni mwa mwaka 1967, halikuwa na cha kupoteza. Tommy alijua hivyo, akadai mamlaka juu ya yatakayosemwa katika kipindi. CBS ilikubali upesi, kwa sababu haikutarajia kwamba kipindi chenyewe kingefika mbali.

Kilifika. Katika msimu wa kwanza kiliingia miongoni mwa vipindi 20 vinavyotazamwa zaidi, na msimu uliofuata Bonanza ikaporomoka kutoka kileleni. Siri yake ilikuwa kuwakalisha wazazi na watoto mbele ya seti moja, katika miaka ambayo wazazi na watoto wa Marekani hawakuwa wakielewana hata juu ya urefu wa nywele. Wenyeji walivaa koti jekundu na tai, wakanyoa vizuri, wakasalimu kwa heshima. Mzazi alipowaona alitulia. Kisha wageni wakaanza kuingia. Tarehe 17 Septemba 1967, katika kipindi kimoja, walikuwapo Bette Davis na Mickey Rooney, nyota wa sinema za enzi ya wazazi, pamoja na The Who, bendi ya vijana wa Kiingereza waliokuwa na desturi ya kuvunja vyombo vyao jukwaani. Usiku huo mpiga ngoma, Keith Moon, alikuwa ametia baruti nyingi kupita kiasi ndani ya ngoma yake. Mlipuko ulitikisa studio nzima na kuunguza nywele za mpiga gitaa, Pete Townshend. Tommy akaingia taratibu na gitaa lake; Townshend akamnyang'anya, akalivunja nalo.

Nyuma ya kamera kulikuwa na chumba cha waandishi. Mason Williams, mwandishi na mpiga gitaa, ndiye aliyetunga Classical Gas, muziki uliovuma mwaka 1968. Walikuwamo Allan Blye, Bob Einstein, Carl Gottlieb na Rob Reiner, na kijana mwembamba wa miaka ishirini na ushei, asiyejulikana na mtu, jina lake Steve Martin. Tommy aliwachukua vijana hao kwa makusudi. Alitaka watu waliokuwa wakiishi yale waliyoyaandika.

Naomba nisimame kwa wachekeshaji wawili wa kipindi hicho, maana kwao tunaona mbinu kwa karibu. Wa kwanza ni Pat Paulsen. Huyu alisimama mbele ya kamera kama msoma tahariri, uso mkavu, sauti isiyopanda wala kushuka, akatetea mambo yasiyotetewa kwa hoja zilizopangwa vizuri kabisa. Mwaka 1968 kipindi kilimtangaza kuwa mgombea urais wa Marekani. Alifanya mikutano ya kampeni, akakanusha kwa ukali kwamba anagombea, akageuza msimamo siku ya pili, akatoa ahadi zisizo na maana kwa maneno mazito. Hakuhitaji kumtukana mwanasiasa. Aliiga tu namna wanavyozungumza, na hilo lilitosha. Mwaka huo alipata Emmy.

Wa pili ni Leigh French, aliyeigiza mwanamke wa kihipi anayeitwa Goldie. Aliendesha kijipindi cha kuwashauri akina mama wa nyumbani, mfano wa vile vipindi vya mapishi na usafi vya mchana, akiwakaribisha chai. Vijana walielewa kwamba chai yenyewe ni bangi. Wakaguzi wa CBS, watu wa makamo wenye suti, hawakuelewa, wakapitisha. Hapa mkasi ulishindwa kwa sababu aliyeushika hakujua lugha ya wale aliokuwa akiwalinda.

Leseni ya mtani

Kabla ya kuingia kwenye ugomvi wenyewe, nawaomba tuukumbuke utani wa makabila yetu. Mtani huja msibani, akalala mahali pa maiti, akamdai marehemu madeni, akawaigiza wafiwa wanavyolia, na hakuna anayemkasirikia. Ana ruhusa. Ruhusa hiyo hakuiomba kwa mwenye msiba asubuhi ile. Aliirithi kwa mila, na pande zote mbili zinaijua. Mwenye msiba hawezi kumwambia mtani wake, "Leo nitasikiliza kwanza maneno yako, kisha nikuruhusu au nikukatalie." Akifanya hivyo hakuna utani tena.

Mchekeshaji wa televisheni hana mila ya namna hiyo. Ruhusa yake imeandikwa katika mkataba, na mkataba una mwenye mtambo, mwenye kituo na mwenye tangazo la biashara. Ndugu Smothers walijiona watani wa taifa. CBS iliwaona watengenezaji wa bidhaa. Wote wawili walikuwa sahihi kwa namna yao, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Mkasi ulivyofanya kazi

Kila shirika kubwa la televisheni la Marekani lilikuwa na idara ya kukagua vipindi kabla ya kurushwa. Maandishi yalipelekwa huko, yakarudi na mistari iliyokatwa. Baada ya kurekodi, mkanda nao ukakaguliwa. Lakini CBS yenyewe haikuwa mwisho. Iliwategemea washirika, vituo huru zaidi ya 200 mijini na mashambani, ambavyo vilirusha vipindi vyake na kugawana nayo mapato. Mwenye kituo katika mji mdogo wa kusini aliweza kukataa kipindi, na akikataa yeye na wenzake kumi, mtangazaji wa biashara huuliza kwa nini analipa bei ile ile. Mkaguzi wa Hollywood hakuwa akimwogopa Tommy. Alikuwa akiogopa simu kutoka mashambani.

Mkato wa mapema uliojulikana sana ulikuwa wa kuchekesha wenyewe. Mwaka 1967 Tommy na mchekeshaji Elaine May waliandaa igizo la wakaguzi wawili wa filamu wanaojadili neno gani la kuondoa na lipi la kuweka mahali pake. Wakaguzi wa CBS wakalikata igizo zima la wakaguzi.

Kisha akaja Pete Seeger. Mwimbaji huyu alikuwa amefungiwa milango ya mashirika makubwa ya televisheni kwa miaka 17, tangu enzi ya msako wa wakomunisti. Ndugu Smothers walimrudisha Septemba 1967. Aliimba wimbo wake Waist Deep in the Big Muddy, hadithi ya kikosi cha mazoezi mwaka 1942 kinachoamriwa na kapteni wake kuvuka mto wenye kina, wasijali maji yanavyopanda, mpaka kapteni mwenyewe anazama. Hautaji Vietnam. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Wakati huo Marekani ilikuwa na askari karibu nusu milioni huko, na Rais Lyndon Johnson alikuwa akiongeza. CBS iliukata wimbo, ikawaacha watazamaji na nyimbo zake nyingine. Tommy akapiga kelele magazetini. Miezi mitano baadaye CBS ililegea, Seeger akaitwa tena, na tarehe 25 Februari 1968 akauimba wote. Siku mbili baada ya hapo, katika shirika hilo hilo, Walter Cronkite, msoma habari aliyeaminiwa kuliko wote, aliwaambia Wamarekani kwamba vita vile vimekwama. Kwa hiyo CBS haikuwa ikiogopa maneno juu ya Vietnam. Iliyaruhusu yatoke kinywani mwa mtu wa habari, iliyemteua yenyewe, kwa wakati iliouchagua yenyewe.

Msimu wa tatu ulifunguliwa tarehe 29 Septemba 1968 na Harry Belafonte. Jina hili si geni kwetu. Huyu ndiye aliyeimba Malaika kwa Kiswahili pamoja na Miriam Makeba katika sahani yao ya mwaka 1965, na kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri waliochangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani katika mpango wa Tom Mboya wa mwaka 1959. Katika studio ya CBS aliimba kalipso juu ya kanivali isiyopaswa kusimamishwa, na nyuma yake zikaonyeshwa picha za polisi wakiwapiga waandamanaji mjini Chicago, nje ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, mwezi mmoja tu kabla. Picha hizo zilikuwa zimekwisha kuonekana katika taarifa za habari. Hapakuwa na siri ndani yake. CBS iliukata wimbo wote, na dakika zilizobaki wazi ikaziuza kwa tangazo la kampeni la chama cha Republican. Watazamaji waliokuwa wamekaa kumsikiliza Belafonte wakamwona mgombea wa chama hicho, Richard Nixon.

Tarehe 27 Oktoba mwaka huo huo ikafika zamu ya David Steinberg, mchekeshaji wa Kikanada aliyelelewa katika nyumba ya Kiyahudi na kusoma elimu ya dini. Alitoa hotuba ya mzaha iliyoiga mahubiri, juu ya Musa na kichaka kiwakacho moto: Musa anaambiwa avue viatu, anavua, anaunguza nyayo. Barua za hasira zikamiminika CBS kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Ninyi mnaoishi katika jamii ambamo Musa ni mtume wa dini zaidi ya moja mnaweza kuelewa kwa nini. Hapa siwatetei ndugu Smothers. Mtu ana haki ya kuchukizwa na mzaha juu ya maandiko yake. Ila angalieni CBS ilifanya nini. Ilitunga utaratibu mpya: kuanzia sasa mkanda wa kila kipindi ufike mapema, ili washirika wote wauone kwa njia ya ndani kabla ya Jumapili na kila mmoja aamue kama ataurusha. Mkasi mmoja ukawa mikasi 200.

Machi 1969 alikuja mwimbaji Joan Baez. Kabla ya kuimba alisema kwamba anautoa wimbo wake kwa mumewe, David Harris, aliyekuwa akielekea jela, akaeleza kwamba ni kwa sababu amekataa kuandikishwa jeshini. Kipindi kiliondolewa wiki ile na kurushwa baadaye mwezi huo huo kikiwa kimekatwa. Walichokata ni sababu. Mtazamaji alisikia kwamba mume anakwenda jela. Kwa kosa gani, hakusikia. Mkasi uliokusudiwa kulinda heshima ya kipindi ulimgeuza mtu wa msimamo kuwa mhalifu wa kawaida.

Mkanda uliochelewa

Sasa tufike mwisho. Machi 1969 CBS ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba inaendelea na kipindi kwa msimu mwingine wa vipindi 26. Tarehe 4 Aprili, Robert Wood, aliyekuwa amekalia kiti cha urais wa mtandao wa televisheni wa CBS kwa wiki chache tu, akawaarifu kwa simu ya maandishi kwamba kimekwisha. Sababu aliyoitaja haikuwa Vietnam, wala Musa, wala Baez. Alisema mkanda wa kipindi kilichofuata, kile chenye hotuba ya pili ya Steinberg, juu ya Yona, haukuletwa kwa wakati ili washirika waukague. Kamba iliyosokotwa baada ya hotuba ya Oktoba ndiyo iliyotumika Aprili.

Mazingira ya siasa yalichangia, sikatai. Nixon alikuwa ameapishwa kuwa rais Januari. Seneta John Pastore alikuwa akiendesha vikao vya Baraza la Seneti juu ya maadili ya televisheni, na mashirika yalitaka kuonyesha kwamba yanaweza kujisafisha yenyewe. Tommy mwenyewe aliamini kwamba mkono wa Ikulu ulikuwamo. Lakini hatuhitaji amri ya rais kueleza jambo ambalo mfumo ulikuwa ukilifanya kila wiki. Na kama ni marais, tukumbuke kwamba Johnson, aliyechekwa sana katika kipindi hiki, na ambaye inasimuliwa alimpigia simu mwenye CBS, William Paley, kulalamika, aliwaandikia ndugu hao barua ya upole Novemba 1968. Alikiri kwamba kuchekwa na wenye akili ni sehemu ya gharama ya uongozi. Aliyechekwa alisamehe. Aliyechelewa kuletewa mkanda hakusamehe.

Emmy, mahakama na Bwana Wood

Juni 1969 tuzo za Emmy zilitolewa, na ile ya uandishi bora wa vichekesho, burudani au muziki ikawaendea waandishi wa kipindi ambacho hakikuwapo tena. Tommy hakupokea. Alikuwa ameliondoa jina lake katika orodha ya waandishi, akihofia kwamba likionekana, wapiga kura wangewanyima wenzake. Mwezi huo huo nafasi ya Jumapili saa tatu ilipewa Hee Haw, kipindi cha vichekesho vya shamba na muziki wa kantri.

Ndugu Smothers walikwenda mahakamani. Mwaka 1973 mahakama ya shirikisho ya Los Angeles iliona kwamba aliyevunja mkataba ni CBS, nao wakalipwa dola 776,300. Hawakushinda kwa hoja ya uhuru wa kusema. Walishinda kwa karatasi yenye sahihi. Lakini fedha haikurudisha kipindi, na miaka mizuri ya mchekeshaji hailipiki kwa hundi. Walirudi hewani kupitia NBC mwaka 1975, wakarudi CBS yenyewe mwaka 1988. Vipindi vyote hivyo havikuwa na makali yale.

Na Robert Wood? Hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Januari 1971, chini ya uongozi wa Wood huyo huyo, CBS ilianza kurusha All in the Family, tamthilia ya kuchekesha iliyozungumza waziwazi juu ya ubaguzi wa rangi, Vietnam, dini na chumba cha kulala, kwa ukali ambao ndugu Smothers hawakuthubutu. Wood ndiye aliyeipigania dhidi ya woga wa wenzake. Mmoja wa waigizaji wake wakuu alikuwa Rob Reiner, aliyetoka katika chumba cha waandishi cha Smothers. Mwaka huo huo CBS ilizifuta programu zake za mashambani, Hee Haw ikiwamo. Kama Wood angekuwa mtu wa kuogopa mzaha wa kisiasa, asingefanya hayo. Alichokikataa mwaka 1969 ni mchekeshaji anayebishana hadharani na shirika, anayepeleka maneno yaliyokatwa kwa waandishi wa magazeti, anayetaka mkasi ukae mezani kwake. Mwaka 1971 aliruhusu makali yale yale, kwa kuwa safari hii yeye ndiye aliyeyachagua.

Steve Martin akawa nyota wa dunia. Mwaka 2008, katika sherehe ya Emmy, yeye ndiye aliyepanda jukwaani kumkabidhi Tommy Smothers tuzo ya uandishi ambayo jina lake lilikosekana miaka 39 kabla. Tommy alifariki tarehe 26 Desemba 2023, akiwa na miaka 86.

Tunaondoka na nini

Sikuja kuwaambia kwamba ndugu Smothers walikuwa malaika. Tommy alikuwa mkaidi, alipigana vita vingine ambavyo vingeweza kumalizwa kwa kikombe cha kahawa, na mwishoni ugomvi wenyewe ulianza kumla: vichekesho vilipungua, malalamiko yakaongezeka. Wenzake wamelisema hilo, naye mwenyewe alikiri. Mchekeshaji anayesahau kuchekesha humpa adui yake kazi rahisi.

Lakini hukumu yangu inabaki pale pale. Tuzo haikuwalinda. Umaarufu haukuwalinda. Hata barua ya rais wa nchi haikuwalinda. Kitu kimoja tu kilisimama imara mbele ya CBS, nacho ni mkataba, na hata huo ulisimama baada ya miaka minne, kipindi kikiwa kimekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo, ninyi mnaoanzisha vikundi vya vichekesho, mnaorekodi kwa simu leo na kesho mtaitwa na kituo kikubwa: siku mtakayoitwa, msiulize kwanza mtalipwa kiasi gani. Ulizeni nani anasoma maandishi kabla ya kurekodiwa, nani anatazama kazi kabla ya kurushwa, kwa siku ngapi, na akikata, nani ana neno la mwisho. Ulizeni jina la kipindi na wahusika mliowaumba vitakuwa mali ya nani mkiachana. Yaandikwe, na asome mwanasheria kabla hamjatia sahihi. Tunzeni nakala zenu wenyewe za kila mnachorekodi. Mkanda wa Belafonte haukufutwa, ndiyo maana miaka mingi baadaye watu waliuona na kujihukumia wenyewe.

Nanyi wakuu wa vituo mliomo ukumbini: kuhariri ni haki yenu na wajibu wenu. Ila kateni kwa sheria inayojulikana kabla, kwa sababu inayotajwa, na mumwambie aliyekatwa. Kituo kinachokata kwa kuogopa simu ambayo haijapigwa bado kitaendelea kukata mpaka kisibaki na cha kurusha.